Kupokelewa si Kulipwa

Tuchukue mfano wa mzazi wa Chang'ombe anayelipa karo ya mwanawe kwa programu ya simu. Anabonyeza, kiduara kinazunguka, kisha kimya. Je, fedha zimekwenda? Akibonyeza tena, huenda akalipa mara mbili. Wasiwasi ni wa mzazi, lakini dawa yake imo mikononi mwa aliyeitunga programu, na vijana wetu wengi sasa wanajifunza kazi hiyo.

Programu ya simu haishiki fedha. Hutuma ombi kwenye seva ya mtoa huduma, nayo seva hujibu kwa tarakimu na maelezo mafupi. Kwa kanuni za intaneti, 200 maana yake ombi limepokelewa vyema. Tarakimu za 400 na kuendelea huonyesha kosa la mwombaji, na za 500 hitilafu ya seva yenyewe.

Anayeanza kazi hii huweza kuiona 200 akaandika: "Malipo yamekamilika." Hilo ni kosa. Tutazame Daraja, huduma ya Safaricom ya nchini Kenya inayounganisha programu na M-Pesa. Programu ikiomba malipo, jawabu la kwanza huthibitisha tu kwamba ombi limepokelewa. Mlipaji bado hajaingiza namba yake ya siri. Matokeo huletwa baadaye kwenye seva ya mwenye programu: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 mlipaji ameghairi.

Na kimya je? Kimya si ndiyo wala si hapana. Pengine ombi halikufika. Pengine limetekelezwa, jawabu likapotea njiani. Basi programu isitume malipo mapya. Iulize kwanza hali ya malipo yale yale kwa namba yake ya kumbukumbu. Wakati huo imwambie mlipaji kweli: "Malipo yako hayajathibitika. Tafadhali usilipe tena, tunafuatilia."

Enyi vijana, fedha ya mtu ni amana. Msiandike "tayari" kabla ya kuhakikisha. Nanyi wazazi, kiduara kikizunguka bila jawabu, msiharakie kubonyeza tena. Tazameni kwanza ujumbe wa muamala na salio, kisha ulizeni kwa namba ya kumbukumbu. Subira ya dakika chache huokoa karo ya muhula mzima.