Kazi ya kuongoza watalii tumeachiwa sisi. Haya, Tabora tutaongea lugha gani?

Leo nina dukuduku, na kwa kuwa hapa kijiweni kwetu kila mtu ana ruhusa ya kubisha, nalimwaga lote.

Mnakumbuka Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara fulani fulani hapa nchini. Kulikuwa na uwakala wa fedha za simu, ufundi simu, saluni, kununua mazao shambani, na mengine. Wengi waliishia kusoma hapo kwenye mambo ya simu na Kariakoo. Lakini ndani ya orodha ile ile kulikuwa na kazi ya kuongoza watalii, na pia kuendesha makumbusho na maduka ya vinyago. Asiye raia akikamatwa anaifanya, faini yake haipungui milioni 10, na kifungo au kufutiwa viza vinaweza kufuata. Wakenya walilalamika sana, wakasema soko la pamoja la Afrika Mashariki linavunjwa. Hilo la Wakenya tuliache, lina siku yake.

Mimi nataka kuongelea kwetu Tabora. Siku zile vijana walishangilia, eti ulaji umerudi nyumbani. Nikauliza swali moja tu, wakaniita mnoko: huyo mtalii ukishapewa wewe peke yako umuongoze, utamwongoza kwa lugha gani?

Msicheke kwanza, ngoja niwape kisa. Kuna wakati nilikuwa stesheni ya reli nasubiri mzigo. Wakashuka wazee wawili wa Kijerumani, mume na mke, mikoba mgongoni. Yule mzee akamwendea dogo mmoja muuza karanga, akamwambia "shikamoo". Dogo akaangua kicheko, na wote tukacheka, kwani nani anamwamkia mtoto wa miaka kumi? Lakini mzee hakukata tamaa. Akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, nyumba aliyokaa Livingstone iko upande gani. Jamaa watatu wakamrukia kwa Kiingereza cha kuungaunga. Akauliza tena kwa Kiswahili, wakajibu tena Kiingereza. Mwisho akanigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimenyamaza, akasema: "Kijana, nimesoma Kiswahili miaka miwili. Kwa nini hawataki kuongea na mimi?"

Jamani, sikuwa na jibu. Nilimwonyesha njia ya Kwihara na kumwelekeza wapi apate bodaboda, basi. Lile swali lake ndilo linaloniandikisha leo.

Nikaanza kusomasoma. Kumbe mji wetu huu umewahi kula kwa lugha kuliko tunavyodhani. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, mahali palipoitwa Kazeh, Burton alikuwa anajua Kiarabu. Basi akakaa na wafanyabiashara wa Kiarabu wakapiga soga. Speke hakujua Kiarabu, alikuwa anadoda pembeni. Mtu aliyemwokoa ni Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Zanzibar baada ya bwana wake kufa. Speke na Bombay walielewana kwa Kihindustani. Kwa hiyo swali la Mwingereza lilitoka kwa Kihindi, Bombay akaligeuza Kiswahili, na likihitajika kwenda mbele zaidi mtu mwingine akaligeuza Kinyamwezi, halafu jibu likarudi njia ile ile. Mwaka 1858 Speke alitoka hapa kwenda kaskazini mpaka akaliona ziwa ambalo leo tunaliita Victoria, na Bombay alikuwa naye. Sifa zikaenda kwa Speke. Bombay baadaye alisafiri na Stanley, kisha na Cameron. Kwa macho ya leo yule ndiye mwongoza watalii hasa, na mtaji wake ulikuwa ulimi.

Tena angalieni maneno tuliyorithi kwenye ile njia ya misafara. Aliyetangulia mbele na bendera aliitwa kirangozi. Kiongozi wa wapagazi ni mnyampara, neno la Kinyamwezi la mzee au mkuu, na leo ukienda saiti yoyote ya ujenzi utamkuta "mnyapara" anakufokea. Posho ilikuwa chakula cha njiani, leo ni bahasha ya semina. Hongo ilikuwa ushuru halali aliotozwa msafara akipita nchi ya mtemi, na leo ikitajwa unatafuta namba ya TAKUKURU. Hapo tu una nusu saa ya maelezo ambayo mtalii hawezi kuyapata Serengeti. Ila yanahitaji mtu anayekijua Kiswahili vizuri, siyo anayekionea aibu.

Na hapa tusidanganyane. Lugha hii tunayojivunia ilipanda bara kwenye barabara ile ile iliyoteremsha pembe za ndovu na binadamu. Mwaka 2006 serikali iliipeleka njia hiyo UNESCO kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina lake lenyewe linataja watumwa na pembe. Muongozaji wa Kwihara hana budi kuyasema haya mbele ya Mzungu ambaye babu yake alikuja kama mtawala, mbele ya Mmanga ambaye babu yake alikuwa mfanyabiashara, na mbele ya mwanafunzi wa hapa ambaye hajui babu yake alikuwa mpagazi, muuzaji au muuzwaji. Kwa Kiingereza cha kukariri utasema sentensi tatu kisha uhamie kwenye picha. Nimesikia watu wakifanya hivyo sehemu nyingi tu.

Mfano mzuri ni kisa cha Livingstone. Kinavyokaririwa kwa Kiingereza kinaanza na Stanley na kuishia na Stanley: wakakutana Ujiji 1871, wakaja Kwihara, Machi 1872 Stanley akaondoka, mwenzake akabaki kusubiri wapagazi mpaka Agosti. Mwisho. Kumbe kwetu sisi utamu unaanza pale kinapoishia. Livingstone alikufa Mei 1873, nchi ambayo leo ni Zambia. Akina Susi, Chuma na wenzao wakaukausha mwili, wakaubeba. Oktoba mwaka huo wakafika hapa Unyanyembe, wakamkuta Cameron. Akawashauri wamzike huku huku Afrika, nao wakakataa, wakaendelea na safari mpaka Bagamoyo. Halafu sikilizeni hii. Mazishi yalipofanyika London Aprili 1874, katika kundi lile aliyekuwepo kanisani ni Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa shule ya wamisionari India na aliyejua kusoma na kuandika Kiingereza. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yameshapita. Wamebeba wote, ila aliyewahi meli ni mwenye Kiingereza. Sijui kama kuna somo la lugha na ajira linalozidi hilo.

Kwa hiyo sisemi Kiingereza hakina maana. Nimemaliza kidato cha nne, najua maumivu yake. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walifanya utafiti wa Kiingereza katika shule zetu. Wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana kiwango cha kufundishwa masomo mengine kwa lugha hiyo. Ni miaka mingapi imepita? Na bado sekondari ni Kiingereza. Tunatoka na cheti, tunaenda stesheni kumjibu Mjerumani anayeongea Kiswahili kwa lugha ambayo si yake wala si yetu.

Wasomi wa lugha nao wameanza kuliangalia suala la utalii, na wamekuta vituko. Mtafiti mmoja wa Kijerumani, Nico Nassenstein, mwaka 2019 aliandika kuhusu pwani ya Kenya na hicho alichokiita Kiswahili cha "hakuna matata". Yaani kile Kiswahili kidogo ambacho mtalii anauziwa kama kinyago: jambo, karibu, pole pole, asante sana, anakiweka kwenye begi anaondoka nacho. Hebu niambieni, ni lini mara ya mwisho umemsalimia mama yako "jambo"? Sisi tunasema "hujambo", tunaulizana kama mtu hana jambo lolote, naye anajibu "sijambo". Ukikata ile "hu" salamu imekufa. Halafu kibao cha "Jambo Bwana" cha Them Mushrooms, 1982, kikakisambaza dunia nzima, na mwaka 1994 ikaja filamu ya simba ya Disney. Kampuni hiyo ikasajili yale maneno mawili Marekani kama alama ya biashara kwenye nguo, usajili ukakamilika 2003. Watu wengi wakashtuka 2018, wakasaini malalamiko mtandaoni. Mi nikajiuliza, nani alianza kuyauza?

Huko huko pwani, Malindi na Watamu, vijana wa ufukweni wanaongea Kiitaliano kama maji kwa sababu Waitaliano wamejaa. Hawakukisomea darasani, njaa ndiyo mwalimu. Nawaheshimu. Lakini Tabora hatuna ufukwe wala Waitaliano wa kutufundisha bure, kwa hiyo tukiiga Malindi tutabaki na njaa bila mwalimu.

Nani wa kumtazama basi? Nitawashangaza: Indonesia. Lugha yao ni ndugu wa lugha yetu kwa tabia, siyo kwa damu. Ilianza kama Kimalei cha wafanyabiashara wa bandarini, kama Kiswahili kilivyokuwa. Oktoba 1928 vijana wao waliapa kuwa itakuwa lugha ya umoja, ingawa kabila kubwa kuliko yote ni Wajava wenye lugha yao. Sisi nasi hatukuchukua Kisukuma wala Kinyamwezi kwa wingi wetu. Sasa wao wana Bali, watalii hawahesabiki. Je, wameiacha lugha ijipiganie? Hapana. Sheria ya mwaka 2009, na kanuni ya rais ya 2019, zinataka majina ya hoteli, majengo na barabara yatumie Kiindonesia, na maelezo ya vivutio pia. Bali wakaongeza lao, kanuni ya gavana ya 2018: vibao viwe na maandishi ya Kibali juu, herufi za kawaida chini. Na wana mpango wa serikali wa kuwafundisha wageni Kiindonesia. Sisemi kila kibao kinatii, serikali ni serikali popote. Ila mgeni anashuka na kuona kwamba amefika kwa watu wenye lugha yao.

Zunguka miji yetu usome vibao vya hoteli na loji. Utadhani uko Uingereza ya vumbi.

Mchango wangu ni huu, mkitaka mnirarue. Kwanza tuhesabu vizuri wageni wetu ni akina nani. Mwaka 2024 nchi ilipata watalii wa nje zaidi ya milioni 2.1, na wengi tunajua wanakoenda: Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro, Zanzibar. Watalii wa ndani walikuwa zaidi ya milioni 3.2. Treni ya umeme inakimbia Dar hadi Dodoma tangu 2024, na reli ya kufika kwetu ina mkataba tangu Desemba 2021. Ikifika, mabehewa yatajaa Waswahili: wanafunzi, vikundi vya makanisa, wastaafu waliosoma Tabora Boys wanaotaka kuona bweni la Nyerere. Ongeza Warundi na Wakongo wanaopita. Hao wote lugha yao ya kuelewana ni moja. Kwa hiyo maelezo ya Kiswahili ya Kwihara, ya boma la Wajerumani, ya Isike na ya Mirambo ndiyo yaandikwe kwanza na kwa nguvu, Kiingereza kifuate. Mpaka sasa tunafanya kinyume, tunatafsiri kutoka kwao kuja kwetu.

Pili, wageni kama wale wazee wa stesheni wapo, na wanalipa. Arusha wanafundisha wageni Kiswahili miaka mingi, Zanzibar vile vile. Kwa nini siyo Tabora, mahali Kiswahili kilipokutana na bara? Wiki mbili mgeni anakaa na familia, anajifunza kuamkia, anajua "mwangaluka" ya asubuhi ni Kinyamwezi, anaenda Sikonge kuona warina asali. Hiyo haihitaji ufukwe. Inahitaji mwalimu anayeweza kueleza kwa nini "hujambo" ina "hu".

Tatu, na hapa nitapingwa: kila kijana achague lugha MOJA ya kigeni aijue kweli, badala ya salamu za lugha saba. Mimi nimechagua Kifaransa, kwa sababu ya Kongo na Burundi zaidi kuliko Ufaransa. Najifunza kwa kitabu cha mitumba na video, naendelea hivyo hivyo.

Sasa naomba wenzangu wa njia ile ile mjibu hapo chini. Wa Bagamoyo, wa Mpwapwa, wa Ujiji: kwenu muongozaji anaanza na lugha gani akiona kundi la wanafunzi, na analipwa kiasi gani tofauti na akiona Mzungu? Tajeni ukweli, majina ya watu msitaje. Dakika zangu za kafe zimebaki nne, nitarudi kesho kusoma matusi.