Uhuru unaoudai barabarani, uanze nao kwa keja yako

Serikali ina njia nyingi za kuingia kwa keja yako bila kubisha hodi. Ukinunua tokeni ya stima, VAT imo ndani. Ukimtumia mathe Sh500 ushago, ada ya kutuma pesa imebeba ushuru ambao mwaka 2023 ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Ukiabiri matatu pale Olympic kwenda tao, nauli imebeba bei ya mafuta, ambayo VAT yake iliongezwa mwaka huo huo kutoka asilimia 8 hadi 16. Na kama umeajiriwa, asilimia 1.5 ya mshahara wako huenda kwa ushuru wa nyumba kabla hata hujaushika mkononi.

Kwa hivyo usidanganywe kwamba siasa ni mambo ya Bunge na runinga. Siasa iko kwa sufuria yako. Vijana walilijua hilo Juni 2024 walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, ambao ulipendekeza hata mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Juni 25 waandamanaji waliingia Bunge, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hangeutia sahihi. Makumi ya Wakenya walipoteza maisha katika maandamano ya msimu ule. Hiyo ndiyo bei ambayo wenzetu walilipa ili serikali iambiwe "tosha".

Neno hilo "tosha" si geni. Kuna watu ambao wameamini miaka yote kwamba serikali ikipunguza mkono, mwananchi atapumua. Hapa kwetu, mwanauchumi James Shikwati amelihubiri tangu alipoanzisha shirika lake la IREN mwaka 2001. Mwaka 2005, mataifa tajiri yalipokuwa yakijiandaa kuongeza misaada kwa Afrika, yeye aliliambia jarida la Ujerumani, Der Spiegel, kwamba misaada hiyo ikomeshwe, kwa sababu inanenepesha watawala na kuwafanya wananchi ombaomba. Wengi walikasirika. Lakini swali lake bado liko mezani: nani anayajua mahitaji ya nyumba yako kuliko wewe?

Mimi niko upande wa hao. Hata hivyo, anayesema hivyo akiwa Kibera ana maswali mawili ya kujibu. La kwanza liko nje ya mlango, la pili liko ndani.

Tuanze nje. Ukitaka kuona watu wanaoweza kujipanga bila serikali, tembea kutoka Makina hadi Lindi. Nyumba zimejengwa na watu wenyewe. Shule nyingi za watoto ni za watu binafsi na makanisa. Maji yanauzwa kwa mtungi, mikopo inatoka kwa chama, na usafiri ni bodaboda. Ukiyaangalia kwa mbali utasema: hii ndiyo nchi isiyo na serikali, na watu wanaishi.

Ukikaribia unaona kitu kingine. Mfereji ukikauka, bei ya mtungi hupanda bila mtu yeyote wa kuuliza. Mtu wa stima ya sambaza hukata waya akitaka, na huna pa kumshtaki. Ukitaka kukarabati ukuta wa matope, kuna mkono unaosubiri "kitu kidogo" ndipo misumari ipigwe. Pale serikali ilipoondoka, hapakubaki wazi. Wenye nguvu wengine walihamia, nao hawapigiwi kura.

Chanzo chake ni cha kihistoria. Wanubi, wanajeshi wa asili ya Sudan waliotumikia kikosi cha King's African Rifles, waliruhusiwa kukaa hapa kuanzia mwaka 1904. Mwaka 1918 eneo hilo, ekari 4,197 wakati huo, lilitengwa rasmi kwa matumizi ya jeshi. Lakini hawakupewa karatasi. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kama wageni, na serikali za baada ya uhuru zikaendelea kuiita ardhi ile ya serikali. Ilipofika 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka mia moja kusubiri karatasi moja.

Na usipokuwa na karatasi, uhuru wako ni wa kuazima. Julai 23, 2018, tingatinga ziliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba, makanisa na shule zilianguka, na maelfu ya watu wakabaki nje na magodoro yao. Serikali ambayo haikuwa na nguvu za kuleta maji ilipata nguvu za kubomoa. Shida ya Kibera basi haiwezi kuelezwa tu kwa kusema serikali ni kubwa au ni ndogo. Inakosekana pale inapodaiwa, inaonekana pale isipotakikana.

Kwa hivyo dai lenye maana si "niacheni" tu. Dai ni: nipe haki ambayo nikienda nayo kortini itasikizwa, kisha uniache. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya kila mtu, lakini kulinda kunahitaji kwanza kujua ni mali ya nani. Mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, amelisema hili kwa miaka mingi: maskini wana nyumba na biashara, wanachokosa ni hati, na bila hati mali yao haiwezi kukopea wala kurithiwa kwa amani.

Lakini tusiliseme nusu nusu. Wengi wa wanaoishi Kibera ni wapangaji. Kesho ukimpa mwenye ploti hatimiliki, huenda akajenga ghorofa na kupandisha kodi, nawe ukajikuta unatafuta keja mbali zaidi. Mpangaji naye ana haki za kudai: risiti ya kodi, makubaliano ya maandishi, na notisi kabla ya kufukuzwa. Hizi hazihitaji mabilioni. Zinahitaji wewe uanze kuitisha risiti mwezi huu.

Serikali inasema ina jibu lake: nyumba za bei nafuu. Mwaka 2023 wazo la kwanza lilikuwa mchango wa asilimia 3 ambao ungerudishwa. Likageuka ushuru wa asilimia 1.5 usiorudishwa. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema ushuru huo unakiuka Katiba, kwa sababu mojawapo kwamba ulilenga wenye mishahara pekee. Machi 2024 ukarudi na sheria mpya, na safari hii ukamhusisha hata asiye na mwajiri. Anayelipwa Sh30,000 hutoa Sh450 kila mwezi, na mwajiri wake hutoa Sh450 nyingine. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba atapata nyumba.

Kama unadhani haya ni maneno tu ya mpinzani, tazama Soweto East. Serikali na shirika la UN-Habitat walikubaliana kuhusu mpango wa kuboresha mtaa mwaka 2003. Wakazi wa kwanza walihamishiwa Lang'ata kwa muda mwaka 2009. Nyumba mpya, takriban 800, zilikabidhiwa 2016. Mtoto aliyezaliwa mpango ukianza alikuwa na miaka 13.

Sasa linganisha na chama cha mathe. Kila mtu anajua nani ameweka, nani atakula Jumapili ijayo, na nani amechelewa. Daftari liko wazi. Ukiona mambo hayaeleweki, unamaliza zamu yako na kutoka. Kifungu cha 201 cha Katiba kinadai uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Kwa lugha ya mtaa, kinataka Hazina iendeshwe kama chama. Bado haijafika hapo, na ndiyo maana mtu ana haki ya kuuliza kwa nini atoe pesa kwa lazima kwenye daftari asiloruhusiwa kulisoma.

Hilo ndilo swali la nje. La ndani ni gumu zaidi, kwa sababu hapo hakuna Rais wa kulaumu.

Kuna vijana wanaokaa base kutwa nzima wakichambua udikteta, wakifika nyumbani wanamwagiza dada awape chakula. Yeye ndiye aliyebeba mtungi, akapika, na ataosha vyombo. Kuna wanaume wanaotaka serikali isichungulie simu zao, lakini wanadai PIN ya mpenzi wao na kusoma meseji zake usiku. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, na dada yako na mpenzi wako wamo. Kuna wanaosema mshahara wao ni wao, kisha wanaamua peke yao pesa za mke zitumike vipi.

Ukimpenda uhuru, mpende hata ukikaa kwenye jirani yako wa kitanda. Anayetawala chumba cha futi kumi kwa kumi kwa amri na vitisho, siku moja akipata kiti cha MCA, ataitawala wadi vivyo hivyo. Hatujawahi kuokota viongozi wetu mbinguni, wanatoka kwenye nyumba zetu.

Nyumba pia inatufunza mpaka wa falsafa hii. Hakuna anayemtoza mtoto pesa ya maziwa. Nyanya mgonjwa halali njaa eti hakuchanga. Tunabebana, na hatuoni kama tumeibiwa, kwa kuwa tunajuana na sufuria tunaiona. Mtu akikuambia uhuru ni kila mtu na lwake, muulize nani alimlea.

Basi ufanye nini? Kila mwaka Mswada wa Fedha hupelekwa Bunge kufikia mwisho wa Aprili, na huamuliwa kufikia mwisho wa Juni. Katikati kuna wiki za umma kutoa maoni. Usome mapema, tafuta kile kinachogusa bei za nyumbani kwako, na upeleke maoni yako kwa maandishi ili yabaki kwenye rekodi. Mwenye ploti akipokea kodi, itisha risiti. Mkianzisha chama, andikeni kanuni na daftari lisomwe na wote.

Na leo jioni, kabla hujaingia mtandaoni kuitisha uhuru, osha hivyo vyombo.