Maji Maangavu ya Nshamba na Hesabu ya Maabara

Mvua za masika zikianza, ubishi kuhusu maji ya chemchemi hurudi Nshamba kama kawaida. Hoja ni zilezile.

"Maji yetu ni maangavu, hayana mdudu." Bakteria milioni moja ndani ya lita hawatii maji ukungu hata kidogo, kwa hiyo macho hayana kazi hapa. Maabara huchuja mililita 100 kwa utando wenye matundu ya mikroni 0.45, huulaza utando huo juu ya chakula cha bakteria, kisha huuweka kwenye kabati la joto. Baada ya takriban saa 24, bakteria walionaswa wakiwa hai huwa wamezaana hadi kuonekana kama madoa. Yanayohesabiwa ni hayo madoa.

"Koliformu zimeonekana, basi tumekunywa kinyesi!" Si lazima. Koliformu ni kundi la bakteria, na baadhi yao huishi kwenye udongo na majani yanayooza, na kibanja cha migomba kimejaa vyote viwili. Ndiyo maana koliformu zote hukuzwa kwenye nyuzi 35 hadi 37, na zile zinazostahimili joto, ambazo nyingi hutoka utumboni, kwenye nyuzi 44 hivi. Ushahidi mzito ni wa E. koli, bakteria aliyeelezwa na daktari Theodor Escherich mwaka 1885. Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100.

"Wameandika 'hazihesabiki', maabara imeshindwa." La. Madoa yamesongamana, basi; dawa ni kuchuja maji kidogo zaidi. Wakichuja mililita 1 wakapata madoa 30, hesabu ni 3,000 kwa mililita 100.

"Majibu ni sifuri, tunywe tu." Sifuri hiyo ni ya chupa ile, ya asubuhi ile. Mvua moja kubwa hubadilisha kila kitu. Tena sampuli iliyokaa juani njiani kwenda Bukoba, au ya maji ya klorini iliyowekwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuizima klorini, inaweza kutoa sifuri ya uongo.

"Wazee waliyanywa wakafika miaka tisini." Hao ndio tunaowaona. Watoto waliouawa na kuhara hawapo barazani kutoa ushahidi.

Wakileta cheti kijijini, uliza sampuli ilichotwa lini, ilifika maabara baada ya saa ngapi, na E. koli walikuwa wangapi. Kabla ya majibu hayo, chemsha.