Umebadilisha janti? Asiransi yako inajua?

Jumamosi moja, katika garaji ya hapa Lubumbashi, nilimkuta kijana akifurahia gari yake. Ilikuwa Toyota kutoka Japani. Usukani ulishahamishwa kutoka kuume hadi kushoto, na sasa walikuwa wakimfungia janti pana zenye kung'aa. Mipira ilitokeza inje ya bodi. Nikamuuliza: “Ndugu, watu wa asiransi wanajua?” Akanionyesha karatasi kwenye kioo: “Nimelipa.”

Kulipa hakutoshi. Tangu Januari 1973, sheria ya inchi yetu inalazimisha kila gari kuwa na asiransi ya kulipia madhara inayoletea wengine. Lakini mkataba unafuata gari uliyoieleza. Ukiibadilisha na kunyamaza, siku ya ajali kampuni inaweza kubisha malipo. Mtu uliyemgonga yuko hospitalini, na deni linaingia nyumbani kwako.

Wengi wanasema barabara zetu mbovu ndizo zinazodai magurudumu makubwa. Ni kweli, lakini gurudumu lina hesabu yake. Mpira wa 195/65 R15 una kipenyo cha karibu milimita 635. Wa 215/65 R16 unafikia 686. Hapo dashibodi ikionyesha kilomita 60 kwa saa, wewe unakimbia karibu 65. Namba 91 pembeni ya mpira maana yake ni kilo 615, basi; usinunue mpira wenye namba ndogo kuliko ule wa kiwanda. Mpira usitokeze inje, wala usiguse bodi unapokata kona ukiwa na mzigo.

Kisha chukua fakture ya garaji, uende kwa asiransi, uombe mabadiliko yaandikwe kwenye mkataba. Pengine utaongezwa bei. Ni afadhali kuliko kuuza kiwanja kwa sababu ya ajali.

Lakini lawama si ya dereva peke yake. Sheria ya Machi 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, na leo makampuni yanashindana kutafuta wateja. Wauzaji wengi wanaandika mkataba bila hata kutoka inje kuangalia gari. Polisi wa barabarani naye anasoma tarehe kwenye kioo, haangalii magurudumu. Kampuni inayopokea feza bila kukagua gari haina haki ya kushangaa siku ya ajali. Ikague kwanza, ndipo ipokee.