UCHAMBUZI: Sifa ya Kazi za Mtandaoni Ipimwe Pande Zote Mbili

Na Mwandishi Wetu

Kijana anayetafsiri nyaraka au kugeuza sauti kuwa maandishi kupitia mtandao hana msimamizi anayemfahamu kwa sura. Kinachomtambulisha ni alama anazopata baada ya kila kazi. Alama hizo huamua nani apewe kazi inayofuata, na hivyo watu wengi hugawana majukumu bila meneja wa kuwapanga.

Chema chajiuza, lakini kwa sharti kwamba anayekipima naye anapimwa. Jukwaa la Mechanical Turk, lililoanzishwa na kampuni ya Amazon ya Marekani mwaka 2005, lilimruhusu mtoa kazi kuikataa kazi, asiilipie na bado akabaki nayo. Kazi zilizokataliwa zilishusha kiwango cha mfanyakazi, ilhali watoa kazi wengi walidai kiwango cha asilimia 95 au zaidi. Kwa aliyeshuka chini ya kiwango hicho, milango mingi ilifungwa.

Mwaka 2008, watafiti Lilly Irani na Six Silberman walibuni Turkopticon, programu iliyowawezesha wafanyakazi kuwapima watoa kazi kwa ukarimu wa malipo, haki, mawasiliano na wepesi wa kulipa. Bila agizo la kampuni, wafanyakazi wakapata njia ya kuonyana kuhusu wasiolipa.

Funzo hilo linaihusu pia Afrika Mashariki. Kenya ilizindua mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwaunganisha vijana na kazi za mtandaoni. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua haki za mwananchi kuhusu uamuzi unaofanywa na mitambo pekee, pamoja na kurekebishiwa taarifa zisizo sahihi. Alama ya kazi, inayobeba riziki ya mtu, inastahili kutazamwa kwa jicho hilo.

Motisha nazo zipangwe kwa uangalifu, kwani bonasi ya kasi pekee huzaa kazi ya kulipua.

Kabla ya kujisajili, mwananchi ajiulize mambo matatu: nani anaweza kuikataa kazi yake, je, hulazimika kutoa sababu, na rufaa hupelekwa wapi? Jukwaa lisilo na majibu humwachia mfanyakazi hasara peke yake.