Wanafunzi wa Unasihi, Msiuogope Utafiti

Kila mwaka vyuo vyetu vya Afrika Mashariki hupokea watu wanaokuja kusomea unasihi na tiba ya kisaikolojia kwa sababu moja kubwa: wanataka kuwafaa wenzao. Yupo mwalimu wa sekondari aliyechoka kuona watoto wakiacha shule bila mtu wa kuwasikiliza. Yupo muuguzi wa kliniki ya UKIMWI, yupo mchungaji, yupo ustadhi. Wote hawa huyapokea kwa furaha masomo ya kusikiliza, ya makuzi ya mtoto na ya kumfariji aliyefiwa. Ratiba ikifika kwenye mbinu za utafiti, nyuso hubadilika. Mmoja hunong'ona, "Mimi hesabu nilizikimbia tangu kidato cha nne, leo naletewa takwimu?" Mwingine hudakia, "Nimekuja kujifunza kuponya watu, madodoso ya nini?" Basi somo husomwa ili lipite, tasnifu huandikwa ili cheti kitoke, na baada ya mahafali hakuna anayeligusa tena.

Nataka kusema na ndugu hawa, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mnasihi asiyejua utafiti hana njia ya kujua kama anaponya au anaumiza. Anaweza kuishi miaka ishirini katika kazi, akashukuriwa na kuheshimiwa, asijue.

Wahenga walituambia kwamba nia njema ni tabibu. Katika udugu na ujirani maneno hayo yanatosha. Katika unasihi hayatoshi, na ushahidi upo. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville iliyo jirani na Boston, Marekani, ulianza mpango ulioasisiwa na daktari Richard Cabot wa kuwasaidia wavulana ili wasije wakaingia katika uhalifu. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili kwa kufanana umri, tabia na hali ya nyumbani. Kisha sarafu ilirushwa: mmoja akaingia kwenye mpango, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Walioingia walipata washauri waliowatembelea takriban mara mbili kwa mwezi, kwa wastani wa zaidi ya miaka mitano. Walisaidiwa masomo, walitafutiwa matibabu, walipelekwa kambi za likizo. Nani angethubutu kusema kazi hiyo ina kasoro?

Miaka thelathini baadaye mtafiti Joan McCord aliwafuatilia wavulana wale, sasa wakiwa watu wazima, na mwaka 1978 akachapisha alichokikuta. Karibu theluthi mbili ya waliosaidiwa walisema mpango uliwafaa. Kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo zilisema vingine. Ukiwalinganisha na wenzao walioachwa, waliosaidiwa walikuwa na dalili zaidi za ulevi na za maradhi makubwa ya akili, walielekea zaidi kurudia kosa la jinai, na waliokufa miongoni mwao walikufa wakiwa na umri mdogo zaidi.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Kama sarafu ile isingerushwa, kama kundi la pili lisingekuwapo, ushuhuda wa shukrani ungebaki peke yake, na mpango ule ungeigwa dunia nzima kwa vifijo. Shukrani ya mteja ni heshima kwa mnasihi, lakini haithibitishi kwamba mteja amepona.

Mfano wa pili unatugusa kwa karibu zaidi. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilienea desturi ya kuwakalisha watu walionusurika ajali au maafa, siku chache baada ya tukio, na kuwahimiza wasimulie kwa undani yote yaliyowapata katika kikao kimoja. Ilionekana ni busara tupu. Mwaka 1997 ulichapishwa Uingereza utafiti juu ya wagonjwa walioungua moto. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliopewa kikao hicho walikuwa na maradhi ya kiwewe, ilhali kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 9. Watafiti hao walieleza wazi kwamba waliopewa kikao walikuwa na hali mbaya zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo namba hizo zisomwe kwa hadhari. Hata hivyo tafiti nyingine zilipokusanywa pamoja, faida ya kikao kile haikuonekana, na leo Shirika la Afya Duniani haliungi mkono desturi hiyo. Linapendekeza huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo haimlazimishi mtu kusimulia. Lakini huku kwetu, basi likipinduka au bweni likiungua, ni wangapi kati yetu wanaokimbilia kuwahimiza watoto "watoe yote ya moyoni" siku ile ile? Wanatenda kwa huruma, na huruma yao imepitwa na elimu.

Mtu atasema, "Mimi nina uzoefu, namwona mteja wangu akibadilika kwa macho yangu." Ndugu yangu, mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwauliza wataalamu 129 wa afya ya akili wajilinganishe na wenzao. Robo yao walijiweka katika asilimia kumi ya juu kabisa, na hakuna hata mmoja aliyejiweka chini ya wastani. Na sababu ya kujidanganya huku iko wazi. Anayerudi kwako kila wiki ni yule aliyeridhika. Aliyeumia au kukata tamaa haji tena, wala haachi barua. Ukihesabu wanaorudi tu, daima utakuwa hodari.

Wapo pia wanaosema kwamba moyo wa binadamu haupimiki, na kwamba takwimu zinaua utu. Wasemao hivyo mara nyingi humtaja Carl Rogers, aliyetufundisha joto na heshima kwa mteja. Wanasahau kwamba Rogers huyo huyo, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi vikao vya tiba kwenye sahani za santuri, na katika kitabu chake cha mwaka 1942 alichapisha neno kwa neno mazungumzo ya tiba nzima ya mteja mmoja ili wengine waikague. Hakuona ugomvi kati ya upendo na uchunguzi. Ugomvi huo tumeuleta sisi, kwa uvivu.

Tena utafiti si takwimu tupu. Tazama kazi iliyofanyika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2003 na Paul Bolton na wenzake. Kabla ya kupima chochote walikwenda kwanza kuwasikiliza wanavijiji: ni shida gani zinazowasumbua, wanaziitaje, na mwanamume au mwanamke aliyepatwa nazo hushindwa kufanya kazi zipi. Huo ni utafiti wa maelezo, na mnasihi aliyefunzwa kusikiliza tayari ana nusu ya vifaa vyake. Baada ya hapo ndipo walipochagua vijiji 30, na kwa bahati nasibu vingine vikapata tiba ya sonona kwa vikundi kwa wiki 16, vingine vikasubiri. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya waliotibiwa na asilimia 94 ya waliosubiri walikuwa na sonona. Mwishoni zilibaki asilimia 6.5 kwa waliotibiwa na asilimia 54.7 kwa waliosubiri.

Usiishie kushangilia hiyo 6.5. Mwanafunzi makini huitazama pia 54.7. Wale waliosubiri, bila tiba ile, walishuka kutoka 94. Wakati, majirani na mambo mengine yaliwainua wengi. Bila kundi la ulinganisho, watafiti wangejisifia hata nafuu ambayo hawakuileta. Kundi hilo liliwaonyesha nafuu ipi ilitokana na tiba na ipi ingekuja yenyewe.

Na asidhani mtu kwamba yaliyothibitishwa kwingine yanatosha, kwetu iwe ni kuiga. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti juu ya watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, katika maeneo ya Bungoma, Kenya, na Moshi, Tanzania, mjini na vijijini. Walipewa tiba ya kiwewe na wanasihi wasio wataalamu waliofunzwa kazi hiyo. Tiba ilipomalizika, ilikuwa imeishinda huduma ya kawaida katika sehemu tatu kati ya nne. Mwaka mmoja baada ya tiba, tofauti ilibaki Kenya, lakini Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Kwa nini? Hilo ni swali linalomsubiri mwanafunzi wa Kilimanjaro aache kuandika kwa mara ya mia kuhusu "changamoto za unasihi shuleni".

Hata dodoso lenyewe halikopwi hivi hivi. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha kazi ya kuhakiki orodha ya dalili yenye maswali 25, iliyobuniwa Marekani, kwa wanawake wajawazito wenye virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam. Walitaka kujua kama kwa wanawake hao inapima kinachodaiwa kupimwa, na alama ya mpaka iwekwe wapi. Mwanafunzi anayepakua dodoso usiku, akalitafsiri mwenyewe asubuhi na kuligawa mchana, anapima upepo.

Nitaje na maadili, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Mteja wako hana nguvu ya kukukatalia. Ukimwomba awe sehemu ya tasnifu yako, atakubali kwa kuogopa kupoteza msaada, na ridhaa ya namna hiyo haina thamani. Tafuta washiriki nje ya wateja wako. Usiandike "mwalimu mkuu mwanamke wa shule moja ya kata" katika mji ambao mwalimu huyo ni mmoja tu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, Tanzania tangu 2022. Kibali cha maadili kitangulie kazi, kisifuate.

Sasa neno kali. Kuna vibanda jirani na vyuo ambako tasnifu huandikwa kwa malipo, sura ya tatu hunakiliwa kutoka kwa mhitimu wa mwaka juzi, na takwimu hupikwa kwa kompyuta usiku mmoja. Anayefanya hivyo anajifunza kudanganya katika taaluma ambayo mtaji wake ni uaminifu. Kesho atakaa mbele ya mjane na kumwambia, "Niamini." Na ninyi walimu, sehemu ya lawama ni yenu. Somo la utafiti mnalifundisha kama orodha ya istilahi za kukariri, hamwagusishi wanafunzi ripoti hata moja ya kweli ya unasihi, kisha mnashangaa wakilichukia. Fundisheni kwa visa vya wateja na kwa matokeo yaliyoshangaza.

Kwa mwanafunzi, njia ya kuanza ni fupi. Soma ripoti moja ya utafiti kwa mwezi na uiulize maswali matatu: waliopimwa ni akina nani, walilinganishwa na nani, na walifuatiliwa hadi lini. Ukiwa kwenye mazoezi ya vitendo, andika hali ya mteja siku ya kwanza kwa kipimo kilichohakikiwa, na ukirudie kipimo hicho kila baada ya vikao vichache. Aliyeacha kuja, mpigie simu kwa adabu, kama aliridhia kupigiwa, umuulize sababu. Yeye ndiye mwalimu ambaye chuo hakiwezi kukuajiria.

Ndugu zangu, watu wanatukabidhi mambo ambayo hawajawaambia wake zao, waume zao wala mama zao. Amana hiyo inatudai tujue tunachokifanya kinaleta nini. Jifunzeni utafiti, muutumie, na siku ukiwaonyesha kwamba mlichokizoea hakifai, kiacheni.