Goma: barabara si ya magari peke yake

Mjini Goma, chukudu imejengewa sanamu katikati ya mji, lakini haijapewa njia. Kwenye barabara ya kuelekea Sake, inabanana na malori, pikipiki, watoto wa shule na mama wenye kubeba kuni mgongoni.

Gari likikimbia kilomita 60 kwa saa badala ya 30, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Viongozi waweke dodane mbele ya shule na masoko, tena watenge njia ya miguu kwa ukingo wa mawe. Mawe ya Nyiragongo yako tele, na vijana wenye kutafuta kazi wako.

Familia iliyoponyoka risasi isimalizwe na lori.